Maonyo ya uongo ya printf: jinsi tulivyoiziba mdomo kompaila mpaka programu ikaanza kuzima ghalani

Hiki ni kisa kilichotukuta kazini. Jina la chama, mkoa na watu wote nimeyatoa, majina ya faili nimeyabadili kidogo, ila mtiririko wa mambo na kodi yenyewe ni vilevile. Nakiandika kwa ajili ya yeyote anayeandika C inayotakiwa kukimbia Linux na Windows kwa pamoja, maana huu mtego ukikunasa unaweza kukaa ndani yake miezi bila kujua.

## Mazingira

Tulikuwa watu wanne, tunatengeneza programu ya kupimia mzigo kwenye maghala ya ushirika. Mkulima analeta korosho zake, magunia yanapanda kwenye mizani ya umeme, mizani inatuma uzito kwa waya mpaka kwenye kompyuta, programu inasoma, inajumlisha, inachapa risiti, na jioni mtandao ukikubali data inapanda seva. Seva ni Linux. Kompyuta za ghalani ni Windows, nyingi za siku nyingi, vumbi la korosho limeingia mpaka kwenye kibodi. Programu yote ni C, kama mistari 11,000 hivi, na sehemu kubwa ya kodi ni moja kwa pande zote mbili.

Faili la .exe hatulitengenezi kwenye Windows, tunalikompaili hapohapo kwenye Linux kwa MinGW-w64, yaani ni GCC ileile tunayotumia kwa Linux (kompaila, inayogeuza kodi ya C kuwa programu) ila inatoa programu ya Windows. Ni njia nzuri na inatumika sana, sina ubaya nayo kabisa.

Katikati ya kila kitu kuna funksheni moja tuliyoiandika wenyewe, inaitwa `logi()`. Kila kinachotokea kinapita hapo, mizani imejibu, risiti imetoka, mtandao umekatika. Iko kama `printf`, funksheni ya C ya kuchapa maandishi, ila inaongeza saa na ngazi ya tukio halafu inaandika kwenye faili:

```c
void logi(int ngazi, const char *fmt, ...)
    __attribute__((format(printf, 2, 3)));
```

Huo mstari wa pili ndio kiini cha kisa kizima kwa hiyo nikae nao kidogo. `printf` na ndugu zake wote wana udhaifu mmoja wa kuzaliwa, funksheni haijui umeipa agumenti (thamani unazoweka kwenye mabano) ngapi wala za aina gani, inasoma tu stringi ya fomati (maandishi yenye alama kama `%s` na `%d`) na kuamini. Ukiandika `%s` ukampa namba, yeye anaichukua ile namba kama anwani ya kumbukumbu na kwenda kusoma huko. Ndiyo maana GCC ina onyo la `-Wformat`, na linakuja lenyewe ukiweka `-Wall`, flagi ya kuwasha maonyo ya kawaida, linalinganisha stringi na agumenti kabla programu haijakimbia. Lakini inafanya hivyo kwa funksheni inazozijua. Ya kwako wewe haijui mpaka uiambie, na kuiambia kwenyewe ndiyo hiyo `format(printf, 2, 3)`: hii funksheni inafuata sheria za printf, stringi iko nafasi ya 2, agumenti zinaanzia nafasi ya 3. Kompaila haiendi kusoma ndani ya `logi` kuona inafanya nini kweli, inashika neno lako. Hilo likumbuke.

## Ilivyotokea

Upande wa Linux mambo yalikuwa safi, `-Wall -Wextra` na hakuna hata onyo moja. Siku tuliyojaribu kutoa .exe kwa mara ya kwanza ikatoka mistari 186 ya maonyo, karibu yote ya namna hii:

```
warning: unknown conversion type character 'z' in format [-Wformat=]
warning: too many arguments for format [-Wformat-extra-args]
```

Yanakuja mawili mawili kwa kila mwito, yaani kila mahali funksheni inapoitwa. La kwanza linasema hiyo herufi `z` siijui, la pili linasema basi kama siijui hii agumenti uliyonipa ni ya ziada. Tulikuwa tunatumia `%zu` kila mahali kwa `size_t`, aina ya namba ya C ya kuhesabia ukubwa na idadi, na `%lld` kwa uzito, maana uzito tunautunza kwa gramu kwenye namba ya biti 64. Zote mbili ziko kwenye sheria za C tangu 1999, siyo mambo ya ajabu.

Kijana aliyekuwa na miezi miwili tu kazini akapewa kazi ya kuyamaliza. Alichofanya ndicho ambacho wengi tungefanya, akabadili `%zu` zote kuwa `%lu`. Linux ikanyamaza, kwa sababu kwenye Linux ya biti 64 `size_t` na `unsigned long` ni kitu kimoja, baiti 8. Windows ikaendelea kupiga kelele kwa maneno mengine, na safari hii ilikuwa inasema kweli, kwa sababu kwenye Windows ya biti 64 `long` imebaki baiti 4 wakati `size_t` ni baiti 8. Kwa hiyo alitoka kwenye onyo la uongo akaingia kwenye kosa la kweli, bila mtu kumwambia tofauti.

Akarudi, akatafuta, akakuta kwamba Windows ina namna yake ya kale, `%I64d` na `%I64u`. Akaweka hizo. Windows ikatulia kabisa, Linux sasa ndiyo ikalalamika, na kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeangalia maonyo ya Linux kwa makini kodi ikapanda seva. Asubuhi mwenzetu wa seva akafungua logi akakuta hivi:

```
08:14:02 HABARI uzito                                                           968400
```

Nafasi tupu kibao halafu namba huko mwisho. Tulidhani faili limeharibika. Kumbe kwa laibrari ya C ya Linux (mkusanyiko wa funksheni zilizo tayari, `printf` ikiwemo) herufi `I` baada ya `%` ina maana yake nyingine kabisa, ni ya kuomba tarakimu za lugha ya mahali husika, halafu 64 inayofuata inasomwa kama upana. Yaani `%I64d` kwa Windows ni "namba ya biti 64", kwa Linux ni "namba, ipangwe kwenye upana wa herufi 64". Herufi zilezile, watu wawili, maana mbili. Bahati tu namba ilitoka nzima, kwa sababu kwa Linux hapo umeahidi `int` ya baiti 4 ukaleta ya baiti 8, ingekuwa uzito mkubwa zaidi ungekatwa.

Tukarudisha kila kitu kwa git, inayotutunzia matoleo ya nyuma ya kodi, `%zu` na `%lld` zikarudi. Halafu mimi mwenyewe, siyo yule kijana, nikachukua uamuzi niliouona wa busara siku ile. Nilitengeneza .exe, nikaipeleka kwenye kompyuta ya Windows, nikafungua faili la logi, namba zote ziko sawasawa. `%zu` inatoka vizuri, `%lld` inatoka vizuri. Basi nikasema kompaila ndiyo inayodanganya, nikaweka `-Wno-format`, inayozima onyo la `-Wformat`, kwenye Makefile (faili la amri za kukompaili) inayotumika pande zote mbili, na juu yake nikaandika maelezo: kompaila ya Windows inatoa maonyo ya uongo. Tukaendelea na kazi.

Kwa `logi` nilikuwa sahihi, yale maonyo yalikuwa ya uongo kweli. Ilichukua wiki tano kuonekana nimeharibu nini.

## Ghalani

Msimu ulipochanganya simu ikapigwa na karani wa ghala moja, dada mmoja mtulivu sana, hajawahi kutusumbua bila sababu. "Kaka, mashine inajifunga. Tunapima, ikifika katikati programu inapotea, narudi kuanza upya, na watu wamejaa hapa nje." Nikamuuliza inatokea lini hasa. Akasema nikigusa waya wa mizani.

Basi sote tukajua ni waya. Tukamtumia waya mpya kwa basi, siku mbili zikapita hapo. Waya mpya ukafungwa, ikapungua kidogo halafu ikarudi. Wakulima wanapima mara mbili mbili, gunia linashushwa linapandishwa tena, ni mabega ya watu hayo.

Kilichonishtua ni logi. Programu ilikuwa inazima bila kuandika sababu, mstari wa mwisho siku zote ni "jaribio la 2" na baada ya hapo hakuna kitu, wakati palitakiwa pawe na mstari wa kosa. Yaani ilikuwa inakufa palepale inapojaribu kuandika kwamba kuna kosa. Nikaenda kwenye kodi nikaondoa `-Wno-format` kwa muda, nikakompaili. Mistari 231 sasa, kodi ilikuwa imekua. Nikaanza kuisoma mmoja mmoja, 'z', 'z', 'l', 'z', na katikati ya hiyo takataka nikakutana na huu:

```
mizani.c: warning: format '%s' expects argument of type 'char *',
but argument 3 has type 'int'
```

Kodi yenyewe:

```c
logi(LOGI_KOSA, "mizani %s haijibu, jaribio la %d",
     jaribio, bandari);
```

Agumenti zimepishana. `%s` ilitakiwa ipate jina la bandari, `COM3`, ikapata namba ya jaribio, ambayo ni 3. Programu inakwenda kusoma maandishi kwenye anwani namba 3 ya kumbukumbu, Windows inaiua papo hapo. Na mstari huu unafikiwa tu mizani ikikaa kimya mara tatu mfululizo, ndiyo maana mezani kwetu haikuonekana kamwe, mizani yetu ya majaribio haina waya uliolegea. Uliandikwa wiki moja baada ya mimi kuweka `-Wno-format`. Kama lingekuwepo onyo, aliyeuandika angeliona dakika ileile.

Nilibadilisha mpangilio wa maneno mawili, nikatuma .exe mpya, programu ikaacha kuzima. Waya ulikuwa umelegea kweli, lakini kazi ya programu ilikuwa ni kusema waya umelegea.

## Kwa nini kompaila ilidanganya

Baada ya moto kuzimwa nikasema hili silifuniki tena. Nikaandika programu ndogo ya mistari 12, `logi` na mwito mmoja wa `%zu`, nikaanza kupunguza kimoja kimoja.

Windows ina laibrari yake ya C ya zamani, `msvcrt.dll`, na hiyo haiijui `%zu`. Ukiipa inaacha alama ya asilimia inachapa herufi zilizobaki kama zilivyo. Kwa hiyo tangu GCC 4.4, ya 2009, kompaila ina aina mbili za ukaguzi: `gnu_printf` inayofuata sheria za GNU na C99 (sheria za C za 1999), na `ms_printf` inayofuata ile laibrari ya Microsoft. Na neno `printf` tupu ndani ya `format(...)` linategemea unakompaili kwa ajili ya nani. Kwa Linux maana yake ni `gnu_printf`, kwa Windows maana yake ni `ms_printf`. Kwa hiyo kompaila ilifanya kazi yake vizuri tu, sisi tuliiambia "funksheni hii inafuata sheria za printf", yenyewe kwa Windows ikasikia "inafuata sheria za msvcrt".

Sasa mbona logi ilitoka sawa? Kwa sababu watu wa MinGW-w64 wameweka printf yao wenyewe inayoelewa C99 yote, unaiwasha kwa kusema `__USE_MINGW_ANSI_STDIO` ni 1 kabla ya heda yoyote (mafaili ya `.h` yenye matangazo ya funksheni) kuingia. Na juu kabisa ya `logi.c` mstari huo ulikuwepo, mtu aliuweka zamani akitatua jambo lingine. Kwa hiyo `vsnprintf` iliyo ndani ya `logi` ilikuwa ni ile inayojua `%zu`, wakati tangazo lake kwenye heda linamwambia kompaila vingine. Heda na utekelezaji havisemi kitu kimoja. Hilo ndilo kosa lilipokuwa, na likawa linazaa karibu maonyo yote yale 186, kwenye miito isiyo na hatia yoyote.

## Tulivyorekebisha, na nilipojikwaa tena

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi, kwenye `logi.h` nikaandika `gnu_printf` badala ya `printf`, na ule mstari wa `__USE_MINGW_ANSI_STDIO` nikautoa `logi.c` nikaupandisha hapohapo `logi.h`, ndani ya `#ifndef`. Nikakompaili. Kutoka mistari 231 ikabaki 8.

Hii 8 nataka uione vizuri. Ilikuwa na maneno yaleyale, "unknown conversion type character 'z'", yote iko `risiti.c`. Nilishakaribia kusema haya ni mabaki ya yale ya uongo, nitayashughulikia kesho. Kilichonizuia ni kwamba hayakutoka kwenye `logi`, yalitoka kwenye `snprintf` ya moja kwa moja:

```c
snprintf(buf, sizeof buf, "Uzito: %s kg   Magunia: %zu", kg, n);
```

Nikatoa risiti moja kwenye Windows. Ikaandika:

```
Uzito: 968.4 kg   Magunia: zu
```

Nikampigia yule dada nikamuuliza kama ameshawahi kuona hii. Akasema ndiyo kaka, iko hivyo tangu mwanzo, tulijua ni sehemu ya kujaza kwa mkono, huwa naandika idadi kwa kalamu pembeni. Niliumia. Amejaza kwa kalamu wiki zote hizo kosa ambalo kompaila ilituambia tangu siku ya kwanza, lilikuwa ndani ya ile mistari 186, na mimi niliifunga yote kwa pamoja kwa sababu nilipima logi peke yake nikaona inatosha.

Sababu ilikuwa mpangilio wa heda. `risiti.c` ilikuwa inaita `<stdio.h>` kwanza halafu `logi.h` baadaye, kwa hiyo uamuzi ulishapita, stdio ilishajipanga kutumia msvcrt, na ile `#ifndef` yangu ikakuta jina limeshawekwa kuwa 0 ikapita kimya kimya. Bila `#ifndef` angalau ningepata onyo la kurudia jina.

Kwa hiyo uamuzi wa pili: hiki kitu hakikai ndani ya heda yoyote, kinakaa kwenye amri ya kukompaili ili kila faili ikione kabla ya chochote. Matoleo mengine ya MinGW-w64 yanakiwasha yenyewe kutegemeana na flagi ulizotumia, lakini sikutaka kutegemea bahati ya toleo.

```make
CFLAGS     += -Wall -Wextra -Werror=format
CFLAGS_WIN += -D__USE_MINGW_ANSI_STDIO=1
```

Ya tatu ilikuja kwa mwenzetu anayetumia Mac. Clang yake, yaani kompaila ya Mac, ikamwambia haitambui `gnu_printf`, ikaupuuza mstari mzima, yaani kwake ukaguzi ukawa umekufa kabisa. Basi badala ya kuandika jina lolote kwa mkono tukatumia makro (jina ambalo kompaila inalibadilisha na maandishi mengine) ambayo heda za MinGW-w64 zinaiweka zenyewe, yenyewe inajua kama umewasha ile printf ya MinGW-w64 au la, na kama unatumia Clang au GCC:

```c
#include <stdio.h>

#ifdef __MINGW_PRINTF_FORMAT
#  define LOGI_FOMATI __MINGW_PRINTF_FORMAT
#else
#  define LOGI_FOMATI printf
#endif

void logi(int ngazi, const char *fmt, ...)
    __attribute__((format(LOGI_FOMATI, 2, 3)));
```

`<stdio.h>` lazima itangulie hapo, vinginevyo makro haipo na unarudi kwenye `printf` tupu bila kujua.

Tulijadili njia nyingine pia. Kuna aliyetaka tutumie `PRIu64` na wenzake wa `<inttypes.h>` kila mahali. Kwa `uint64_t` tunazitumia na ni sahihi, ila kwa `size_t` ingebidi ugeuze aina kila unapoita, na miito ilikuwa zaidi ya mia. Kubadili miito mia na kitu ili kutibu tangazo moja sikukubali. Mwingine akasema tuhamie UCRT, laibrari mpya ya Microsoft iliyokuja na Visual Studio 2015, inayojua `%zu` na `%lld`. Ni wazo zuri, tutafika, lakini halikuwa la katikati ya msimu kwa kompyuta zile, na halafu hata huko GCC bado inaichukulia `printf` tupu kama `ms_printf`, kwa hiyo funksheni yako mwenyewe ingebaki na onyo lilelile mpaka urekebishe tangazo.

## Matokeo

Maonyo yakawa sifuri pande zote tatu, Linux, Windows na Mac, bila kuzima lolote. `-Wno-format` imetoka na haijarudi. Risiti inaandika magunia yenyewe. `-Werror=format` inafanya kodi yenye agumenti zilizopishana isikompaili kabisa.

Tukaongeza majaribio mawili madogo. Moja ni faili ya C yenye kosa la makusudi, `logi(LOGI_KOSA, "%s", 3)`, na jaribio linafaulu pale tu kompaila inapokataa. Hii inatulinda siku mtu akiharibu tangazo la `logi` na ukaguzi ukafa kimya kimya kama ulivyokufa kwenye Mac. La pili linakimbia kwenye Windows yenyewe, linachapa `size_t` kwa `%zu` kupitia `logi` na kupitia `snprintf`, halafu linalinganisha na maandishi tuliyotarajia. Siku hizi hilo la pili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu linagusa laibrari yenyewe.

## Uchambuzi

Kosa kubwa kwangu siyo kwamba tuliamini kompaila inadanganya. Tulipima na tukakuta kweli. Kosa ni kwamba nilipima mwito wa aina moja nikatoa hukumu kwa mistari yote 186. Maonyo yale yalikuwa makundi mawili yenye sura moja, la `logi` ambalo ni uongo na la `snprintf` ambalo ni kweli, na maneno ya kompaila hayana uwezo wa kukuonyesha tofauti. Tofauti inaonekana ukiuliza swali moja tu kwa kila onyo: hii stringi mwisho wa safari inasomwa na nani? Ukijibu hilo unajua kama onyo ni la kweli au la.

Halafu lile la `-Wno-format` kwenye Makefile ya pamoja. Kelele zilikuwa upande wa Windows tu, mimi nikazima pande zote. Ningeizima kwa Windows peke yake, Linux ingekamata agumenti zilizopishana siku zilipoandikwa, maana `%s` kupewa `int` ni kosa kwa sheria zote. Hata kama ni lazima ufunge kitu kwa haraka, funga kwa upana mdogo kabisa unaowezekana, uweke na tarehe ya kurudi. Mimi niliweka maelezo mazuri tu yasiyo na tarehe.

Kuhusu yule kijana, nataka kusema wazi kwamba alipewa kazi vibaya. Aliambiwa "maliza maonyo" na akajaribu kuyamaliza, mara mbili. Hakuna aliyemwambia atafute yanatoka wapi, na hakuna aliyemweleza kwamba `long` ya Windows siyo `long` ya Linux. Ile `%lu` yake ingetuletea namba zilizokatwa huko mbele, kimya kimya. Kugusa miito ili kuiridhisha kompaila ndiyo njia mbaya kuliko zote hapa, mbaya hata kuliko kuzima onyo, kwa sababu unaichafua kodi iliyokuwa sahihi.

Kilichotusaidia ni vitu vichache. Git, tulirudi nyuma kwa dakika moja. Tabia ya kuandika logi kabla na baada ya kila hatua, maana bila "jaribio la 2" kuwa mstari wa mwisho ningekuwa bado nanunua waya. Na ile programu ya mistari 12, hiyo ilinipa jibu kwa jioni moja wakati kwenye kodi nzima nilikuwa nazunguka tu.

Na kuna la karani. Kwa wiki zote hizo risiti ilikuwa inasema "zu" na hakuna aliyetuambia, kwa sababu hatukuwahi kumuuliza mtu atuonyeshe risiti iliyotoka ghalani. Sasa kila toleo jipya tunaomba picha ya risiti moja kwa simu kutoka kwenye kila ghala siku hiyohiyo.

## Kilichobaki

Kuna miito mitatu ambayo bado haijakaguliwa na mtu yeyote zaidi ya macho yetu, ile ya visanduku vya ujumbe vya Windows inayotumia stringi pana za `L"..."`. Ukaguzi wa `format` wa GCC unafanya kazi kwenye stringi za `char` tu, hizo za `wchar_t` haizigusi. Tumeziorodhesha kwenye faili moja, na yeyote anayegusa mojawapo lazima mwenzake azisome zote tatu kabla mabadiliko hayajaingizwa kwenye git. Mbili kati yake tunaweza kuzijenga kwanza kwa `snprintf` ya kawaida halafu ndiyo tuzigeuze kuwa pana, hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo.